Mlio Masikioni na Tiba ya Umeme: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Hii ni mada kamili iliyotolewa kwa niaba ya Idara ya Afya ya Kaunti katika baraza la wananchi kuhusu afya ya masikio. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mada ya leo imetokana na swali ambalo wahamasishaji wa afya ya jamii huulizwa wanapotembelea nyumba kwa nyumba. Mtu anasema masikio yake yanalia usiku na mchana. Ameona kwenye simu tangazo la klipu ndogo inayobanwa sikioni, inayopitisha umeme kidogo na kudaiwa kumaliza mlio huo kwa wiki chache. Anauliza: je, ni kweli? Auze mbuzi anunue?

Jibu fupi ni hili. Tiba ya umeme kwa mlio wa masikioni si uzushi. Inafanyiwa utafiti wa kweli katika vyuo vikuu, na baadhi ya wagonjwa wamepata nafuu. Lakini nafuu hiyo imepatikana kwa mashine maalumu, chini ya wataalamu, kwa wagonjwa waliochunguzwa kwanza. Klipu inayouzwa kwa kila mtu bila uchunguzi ni jambo lingine kabisa. Mbuzi asiuzwe kabla sikio halijatazamwa.

Jibu refu ndilo mada yenyewe.

Mlio huu ni nini?

Mlio wa masikioni, ambao madaktari huuita tinitasi, ni sauti anayoisikia mtu ilhali hakuna kitu nje kinachoitoa. Mmoja husikia filimbi nyembamba, mwingine nyenje wa mchana wa jua kali, mwingine mvumo kama wa mashine ya posho iliyo mbali. Wengine husikia katika sikio moja, wengine katika yote mawili, na wengine huhisi kama sauti imo katikati ya kichwa.

Wako wasemao kwamba sikio likilia, mtu anasengenywa mahali fulani. Wengine husema ni majini au kurogwa. Kwa imani hiyo mgonjwa hunyamaza, akiogopa kwamba akisema ataonekana amepungukiwa na akili. Ukweli ni kwamba hali hii imeenea sana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mtu mzima 1 kati ya 7 hivi duniani ameipata, jumla ya zaidi ya watu milioni 740. Kati yao, zaidi ya milioni 120 wanasumbuliwa vikali: hawalali vizuri, hawatulii kazini, na baadhi yao huingiwa na huzuni nzito. Kwa hiyo mwenye mlio hayuko peke yake, na wala hajarogwa.

Mlio si ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Wakati mwingine chanzo chake ni kidogo na hutibika siku hiyohiyo, kama nta iliyojaa na kuziba sikio. Wakati mwingine ni usaha na maambukizi, au ni uzee. Mara nyingi ni kelele: fundi wa jua kali aliyetumia grainda miaka 20 bila kinga, kondakta aliyesimama kando ya spika ya matatu, kijana anayelala na visikizi masikioni sauti ikiwa juu kabisa.

Dawa nazo huchangia. Wazee waliougua malaria enzi za kwinini wanaikumbuka vizuri: ukimeza dawa ile, masikio yanalia na dunia inasikika kama iko ndani ya mtungi. Ule haukuwa uchawi, yalikuwa ni madhara yanayojulikana ya kwinini, na kwa kawaida yalipita dawa ilipokwisha mwilini. Aspirini kwa kipimo kikubwa nayo huweza kuleta mlio. Dawa kama jentamaisini, na baadhi ya dawa za saratani, zinaweza kudhuru sikio kwa namna isiyorudi. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya mlio. Arudi kwa daktari aliyemwandikia amweleze.

Sauti inatoka wapi?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojiviringa kama konokono, kiitwacho koklea. Ndani yake mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, kiasi cha 15,000 katika kila sikio mtu anapozaliwa. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme, ambazo neva ya kusikia huzipeleka hadi kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa kwa kelele, kwa dawa au kwa umri, hazioti tena.

Ubongo, unapoona ishara zimepungua, hufanya kama mtu mwenye redio iliyo mbali na mtambo: huongeza sauti. Mawimbi yakiwa hafifu, ukiongeza sauti unasikia mkwaruzo mwingi. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba mlio wa masikioni ni mkwaruzo wa aina hiyo, unaozaliwa kwenye njia za kusikia ndani ya ubongo. Ushahidi mmoja wa jambo hili unatoka kwenye chumba cha upasuaji: wako wagonjwa ambao neva yao ya kusikia ilikatwa kwa sababu ya ugonjwa, na mlio ukaendelea kama kawaida. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini kelele ilikuwa ndani ya nyumba.

Hii ndiyo sababu matone ya sikio, mafuta ya moto na vitunguu saumu haviwezi kuuondoa mlio wa namna hiyo. Na ndiyo sababu watafiti wakaufikiria umeme. Ikiwa lugha ya neva ni umeme, huenda umeme kidogo kutoka nje ukaushawishi ubongo upunguze ile sauti iliyoongezwa.

Historia ya zaidi ya miaka 200

Wazo hili si geni. Mwaka 1800 mwanasayansi wa Italia, Alessandro Volta, aliyevumbua betri, aliingiza vijiti viwili vya chuma katika masikio yake na kuviunganisha na betri yake mpya. Alipata mshtuko kichwani, kisha akasikia sauti kama ya kitu kizito kinachochemka. Aliona jaribio hilo ni la hatari na hakutaka kulirudia. Pamoja na hayo, alikuwa ameonyesha kwamba umeme unaweza kuamsha njia za kusikia.

Mwaka uliofuata, 1801, daktari wa Berlin aitwaye Grapengiesser alichapisha kitabu kuhusu kutibu magonjwa kwa umeme wa betri, na masikio yanayolia yalikuwamo. Baadaye, mwaka 1978, madaktari wa Bordeaux nchini Ufaransa walieleza kwamba umeme wa upande chanya ukipitishwa karibu na koklea uliweza kunyamazisha mlio kwa baadhi ya wagonjwa. Tatizo ni kwamba mlio ulirudi umeme ulipozimwa, na umeme unaokwenda upande mmoja bila kukoma huharibu nyama za mwili. Tiba isingeweza kujengwa juu ya msingi huo.

Funzo jingine lilitokana na vipandikizi vya koklea, yaani mashine zinazowekwa kwa upasuaji ili mtu aliyepoteza kusikia aweze kusikia tena kwa njia ya umeme. Wengi waliowekewa walisema mlio wao umepungua. Lakini hakuna daktari atakayempasua mtu anayesikia vizuri kwa ajili ya mlio peke yake. Ndipo likaja swali la siku hizi: je, inawezekana bila kisu?

Umeme juu ya ngozi ya sikio

Wako watu ambao wakisafisha sikio kwa kijiti cha pamba hukohoa ghafla. Kikohozi hicho kinatokana na tawi dogo la neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo hutoka kwenye ubongo na kushuka hadi kooni, moyoni na tumboni. Tawi lake moja hufika kwenye ngozi ya sikio. Kwa hiyo sikio ni mahali pachache ambapo neva hiyo inaweza kufikiwa kwa nje, bila upasuaji.

Mwaka 2011 watafiti wa Texas nchini Marekani walichapisha matokeo ya kutia moyo. Panya walioharibiwa masikio kwa kelele waliamshwa neva ya vagasi, kwa waya uliowekwa kwa upasuaji shingoni, huku wakisikilizishwa sauti maalumu. Dalili za mlio ziliondoka. Kutokana na matokeo kama hayo, klipu za kubana sikioni zilipata umaarufu.

Lakini binadamu si panya, na klipu ya ngozini si waya wa shingoni. Watafiti wa Regensburg nchini Ujerumani walipojaribu kuamsha neva hiyo kwa umeme juu ya ngozi ya sikio la wagonjwa, waliona kwamba njia hiyo kwa jumla ilikuwa salama, lakini haikupunguza mlio kwa kiwango cha maana. Utafiti unaendelea, hasa wa kuunganisha umeme na sauti kwa wakati mmoja. Hata hivyo, atakayesema leo kwamba klipu pekee inaponya mlio, anasema zaidi ya kilichothibitishwa.

Umeme na sauti kwa pamoja

Matokeo yaliyo bora zaidi yametoka kwenye mashine zinazotumia vitu viwili pamoja.

Ya kwanza ilitengenezwa Dublin, Ireland, na inaitwa Lenire. Mgonjwa huvaa visikizi vinavyotoa sauti, na wakati huohuo huweka kifaa juu ya ulimi kinachotoa mitekenyo midogo ya umeme kupitia ncha 32. Matokeo ya jaribio la watu 326 yalichapishwa mwaka 2020, na wengi waliomaliza wiki 12 za matibabu walisema mlio uliwasumbua kidogo zaidi. Mwezi wa Machi 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiruhusu, kwa sharti kwamba itolewe kwa maagizo ya mtaalamu. Wakosoaji hata hivyo wanakumbusha kwamba katika jaribio lile la kwanza hakukuwa na kundi lililopewa tiba bandia ili kulinganisha.

Ya pili inatoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, chini ya mtafiti Susan Shore. Hapa umeme hupitishwa shavuni au shingoni, ukiambatana na sauti iliyopangwa kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, dakika 30 kila siku. Jaribio la watu 99 lilichapishwa mwaka 2023. Kila mgonjwa alipitia wiki 6 za umeme na sauti pamoja, na wiki 6 za sauti peke yake, bila kujua ni ipi. Mlio ulipungua zaidi katika awamu yenye umeme. Lakini walioshiriki walichaguliwa: walikuwa watu ambao mlio wao hubadilika wakikaza taya au wakigeuza shingo. Si kila mwenye mlio yuko hivyo.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Kwanza, mashine hizi mbili hazipitishi umeme kwenye sikio, bali kwenye ulimi, shavu au shingo. Pili, hakuna utafiti kati ya hizi uliosema kila mgonjwa atapona. Neno lililotumika ni kupungua.

Kwa nini si rahisi kujua kama imefanya kazi?

Malaria hupimwa kwa damu. Shinikizo la damu lina mashine yake. Mlio wa masikioni hausikiki kwa daktari, wala hauonekani kwenye picha. Anayeusikia ni mwenyewe tu. Kwa hiyo watafiti humpa mgonjwa maswali. Orodha moja inayotumika sana ina maswali 25, na alama zake huanzia 0 hadi 100.

Kipimo cha aina hii kina udhaifu mmoja. Mtu aliyelipa pesa nyingi, aliyetumaini na kusubiri, mara nyingi atajibu kwamba yu afadhali, hata kama kifaa hakikuwa na umeme wowote. Hadanganyi, ndivyo tumaini linavyofanya kazi. Isitoshe, mlio hupanda na kushuka wenyewe, na watu wengi huuzoea kadiri miezi inavyopita. Anayeuza klipu huikusanya nafuu hiyo yote na kuiita kazi ya klipu yake. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja kwenye video hautoshi, hata kama mtu huyo ni mkweli.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Yeyote anayeshawishiwa kununua kifaa cha umeme cha masikio aulize maswali haya matano kabla ya kutuma pesa.

La kwanza: kifaa hiki kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo husimamia dawa na vifaa vya tiba humu nchini?

La pili: kilijaribiwa kwa watu wangapi wenye mlio, na je, kilinganishwa na kifaa bandia?

La tatu: ni mtaalamu gani atanipima usikivu kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza?

La nne: ni nani hapaswi kukitumia? Muuzaji akisema hakina mwiko kwa yeyote, aachwe. Kwa kawaida vifaa vya umeme vya aina hii havitumiwi na mtu mwenye kidhibiti mapigo ya moyo au kipandikizi kingine cha umeme mwilini. Mwenye kifafa, mwenye matatizo ya moyo na mama mjamzito wasikiguse bila idhini ya daktari.

La tano: nisipopata nafuu, pesa zangu zitarudi, na nitamfuata nani?

Na ni mwiko kabisa kwa fundi au kijana mwerevu wa nyumbani kujaribu kutengeneza chombo kama hicho kwa betri na waya. Volta mwenyewe alijaribu, na akaacha.

Msaada uliopo sasa

Huenda mtu akauliza: kama umeme bado, basi mgonjwa akae tu? Hasha. Yako mambo yanayosaidia, na hayahitaji kuagizwa Ulaya.

Hatua ya kwanza ni kwenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, sikio likatazamwe kwa taa. Nta ikiwa imeziba, itatolewa kwa usalama. Maambukizi yakiwepo, yatatibiwa. Shinikizo la damu lipimwe. Mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba.

Hatua ya pili, ikiwa chanzo hakikuonekana, ni rufaa kwa uchunguzi wa masikio na kipimo cha usikivu. Wengi wenye mlio wamepungukiwa na kusikia bila wao kujua. Wakipewa kifaa cha kusaidia kusikia, ubongo hupata tena ishara ulizozikosa, na mara nyingi mlio husogea nyuma. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unapendekeza vifaa hivyo kwa waliopungukiwa na kusikia, pamoja na ushauri nasaha wa kubadili namna mtu anavyoupokea mlio. Mwongozo huohuo unakataza kupendekeza virutubishi kama ginkgo na zinki kwa ajili ya mlio, kwa kuwa havijathibitika.

Ushauri nasaha haumaanishi kwamba mgonjwa ni mwendawazimu. Humfundisha ubongo kuacha kuuchukua mlio kama adui, na hivyo usingizi hurudi hata kama sauti haijakoma. Nyumbani, redio ya sauti ya chini au feni usiku husaidia, kwa kuwa mlio hutawala zaidi penye kimya.

Dalili zisizongoja

Kuna hali ambazo mgonjwa hapaswi kusubiri baraza wala klipu. Sikio likiacha kusikia ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hiyo ni dharura. Dawa zinazoweza kuokoa usikivu hufaa zaidi zikianzwa katika siku za mwanzo, na kila wiki inayopita hupunguza matumaini. Mtu aliyetumia mwezi mzima akingoja kifurushi cha klipu kwa hali kama hiyo atakuwa amepoteza kitu kikubwa kuliko pesa.

Vivyo hivyo, aende hospitali bila kuchelewa mtu ambaye mlio wake unapiga sawia na mapigo ya moyo, uko upande mmoja tu, umekuja baada ya kuumia kichwa, au umeandamana na kizunguzungu kikali au udhaifu wa uso. Na yule ambaye mlio umemfikisha mahali pa kukata tamaa ya maisha asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kinga

Chembe za sikio hazioti tena, kwa hiyo kinga inabaki kuwa tiba ya bei nafuu kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku. Kipimo cha kienyeji ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja akusikie, kelele hiyo inadhuru.

Mwenye mashine ya posho, karakana au ukumbi wa muziki awape wafanyakazi kinga za masikio. Vijana wapunguze sauti ya simu na kuyapumzisha masikio. Wazazi wasiingize vijiti katika masikio ya watoto.

Siku moja huenda tiba ya umeme ikafika katika hospitali za kaunti, ikiwa imethibitishwa na bei yake inamudika. Kwa sasa, mwenye mlio aanzie zahanati. Akiwa na tangazo la klipu kwenye simu, aende nalo, amwonyeshe mhudumu, na wayapitie pamoja yale maswali matano.